Kaseti ya Miguu Yetu

Siku moja ya chuoni naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na wala si ile niliyovaa joho. Ni siku tuliyokaa darasa zima mbele ya televisheni kutazama kaseti ya kikundi chetu kama ilivyotoka kwenye kamera, tukaona miguu. Miguu yangu, ya Guyo na ya Wanjiru, ikitembea kwenye mchanga wa Golbanti, kijijini kwetu kando ya mto Tana. Nakueleza haya kwa sababu jana uliniambia wenzako wa kikundi ni mizigo, na hiyo filamu ya chuo utaifanya peke yako. Basi weka simu kando kidogo unisikilize.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, muda mfupi baada ya yale mafuriko makubwa. Nilikuwa chuo kikuu huko bara, msichana wa Kipokomo mwenye maneno mengi na miwani ya kioo kinene. Mwalimu wetu wa video alitugawa watatu watatu, kila kikundi kikipewa kamera kwa zamu, akasema kila mtu atakuwa na kazi yake lakini alama itakuwa moja kwa wote. Guyo, kijana wa Kiorma kutoka Bangale, alipewa sauti. Wanjiru, msichana mpole wa Murang'a, alipewa daftari, aandike kila kinachopigwa na kila kinachosemwa. Kamera niliinyakua mimi.

Shauri la kwenda kwetu lilikuwa langu pia. Bibi yangu mzaa mama alijulikana kwa kuusoma mto. Jioni alichomeka kijiti ukingoni, asubuhi akaenda kutazama maji yamepanda mpaka wapi, na ndiye aliyewaambia majirani wahame kabla mashamba hayajamezwa. Nilitaka darasa limwone. Huko bara walitujua kwa habari za mafuriko na ugomvi wa malisho tu, na mimi nilikuwa nimechoka kuonewa huruma.

Basi lilitushusha Garsen tumejaa vumbi mpaka kwenye kope, na mwisho wa safari tukaingia mtumbwini. Mwenye mtumbwi alimpa Wanjiru kopo achote maji yaliyokuwa yakiingia. Masikini, hakuwahi kupanda mtumbwi maishani, lakini hakuacha kuchota. Mimi nikaona niijaribu kamera. Nikabonyeza kitufe chekundu, nikadhani haikushika, nikaining'iniza begani.

Kumbe ilishika. Kamera ile ukibonyeza mara moja inarekodi, ukibonyeza tena inasimama. Tangu pale, kila nilipodhani naianzisha nilikuwa naisimamisha, na kila nilipodhani nimeisimamisha ilikuwa ikirekodi. Kwenye kitundu cha kuchungulia kulikuwa na herufi ndogo za kukuonyesha. Sikuziona, maana miwani ilikuwa ikigonga kile kitundu nikaivua, na kwa majivuno yangu sikumwambia mtu kwamba bila miwani mimi ni nusu kipofu.

Bibi akasimama ukingoni, akachomoa kijiti chake, akatuonyesha kwa kidole alama ya tope. Alieleza vizuri, mwanangu, mpaka machozi yakanilenga.

"Rahabu, hebu nichungulie kidogo," Wanjiru akaniambia.

"Kazi yako daftari."

"Basi turudishe nyuma tuone kama imeshika."

"Utatumalizia betri. We andika."

Guyo, hedifoni masikioni, akasema sauti anaisikia sawasawa, na hilo likanitosha. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba hedifoni zile husikika hata kamera ikiwa imesimama. Sikio la kufa halisikii dawa.

Turudi mbele ya televisheni. Ilianza sakafu ya mtumbwi, ikaja ile miguu, kuku akapita kichwa chini, darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, nikingoja Bibi atokee. Hakutokea. Badala yake ikasikika sauti yangu ikimnong'oneza Guyo, "Huyu Wanjiru hajui lolote, amekuja kula samaki tu."

Wanjiru alikuwa ameketi ubavuni mwangu, bega kwa bega. Kicheko kikafa. Nilitamani ardhi inimeze.

Halafu, juu ya picha ya guu la meza, ikaja sauti ya Bibi, kwa Kiswahili chake cha mtoni. Alikuwa akipakua chakula, na mimi bado nimeikumbatia kamera.

"Guyo, Wanjiru, njoni mule. Na wewe Rahabu, weka hiyo kitu chini, ule na wenzako. Mtumbwi iko na mtu wa kusukuma na pondo, iko na mtu wa kupiga kafi, iko na mtu wa kuchota maji. Wewe nataka shika yote? Huyu wa kuchota, ukimdharau, nyote mnazama."

Maneno yale niliambiwa Golbanti, na Golbanti sikuyasikia. Niliyasikia siku ile, mbele ya watu arobaini. Mwalimu akazima televisheni, akasema kwa upole, "Alama ni moja kwa wote. Mna wiki mbili mlete filamu." Mchuma janga hula na wa kwao. Kurudi Tana hatukuweza, zamu yetu ya kamera ilikuwa imekwisha.

Siku mbili Wanjiru hakunisemesha. Ya tatu nilimfuata chumbani kwake, nikamwambia nimemkosea, na sina la kujitetea. Kisha akatoa lile daftari. Kila neno la Bibi lilikuwamo, la mto, la kijiti, la usiku wa kuhama, hata pale alipokohoa ameandika kwamba alikohoa.

"Kesho wewe utashika daftari," akasema. "Kwenye mashine nitakaa mimi."

Basi tukaunda filamu kwa makombo. Kazi ile ilifanywa kwa mashine mbili, moja ikicheza, nyingine ikinakili, na mtu mmoja hawezi kuziwahi zote. Guyo alikuwa akihesabu, moja, mbili, tatu, Wanjiru kwenye mashine moja na mimi, daftari mapajani, kwenye nyingine, tunabonyeza pamoja. Tulitumia picha za miguu na maji mtumbwini, Wanjiru akisoma maneno ya Bibi kutoka daftari nililomshikia. Mwisho tukaweka sauti yake mwenyewe akituita chakula. Darasa halikucheka. Alama tulizopata zilitosha kutuvusha, si zaidi.

Nilipanga kumpelekea Bibi kaseti likizo ikifika. Hakuisubiri. Nilifika nikakuta kaburi bichi. Ile picha ya mkono wake na kijiti sina, mwanangu, na inaniuma mpaka leo, maana niliharibu kwa mikono yangu kitu kisichorudiwa. Nilicho nacho ni sauti tu, ile ya kunikaripia. Na hata hiyo ninayo kwa sababu Wanjiru alitunza nakala miaka yote, akaihamishia kwenye simu, akanitumia. Ndiyo ile unayonisikia nikiicheza Jumapili, ukaniuliza mbona nasikiliza mtu akigomba huku natabasamu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hilo unalijua tangu chekechea, na mimi nililijua pia, kwa hiyo kulijua si dawa. Nasaha yangu ni hii: mwenzako akikuomba achungulie, mpishe. Usichokiona useme hukioni, haikupunguzii kitu. Na yule unayemwona hana kazi, mtazame tena, huenda ndiye anayechota maji. Ukimkosea mtu, mfuate mwenyewe kabla kaseti haijakusemea.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie macho makali, na pale yasipofika akupe rafiki wa kukwambia, "Hebu nichungulie," nawe akupe moyo wa kusogea. Na siku moja, ukiwa mzee kama mimi, awepo mtu aliyekutunzia sauti ya kukuita chakula.