Cherehani Mbele ya Mlango wa Mng'oa Meno

Watu wa mtaa wa Kamenge wakikuambia Nsimire alihamia kwao kutafuta wateja, usiwaamini. Wateja wake wote walikuwa mtaa mwingine, Cibitoke, alikoshona miaka kumi na minne tangu avuke mpaka kutoka Bukavu. Alihamia Kamenge kwa sababu ya mtu mmoja tu, Fortunat, mng'oa meno mwenye chumba kimoja na kibao kilichochorwa jino jekundu, ambaye watu walimwita Docteur. Nsimire alitaka mlango wa chumba kile ufungwe, na ufungwe kwa mkono wake. Kwa hiyo alikodi nusu ya baraza ya Khadidja, muuza chai, iliyotazamana na mlango huo, akatua cherehani yake, akaketi.

Chuki yake ilikuwa na tarehe. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba. Gego la chini lilikuwa limemnyima usingizi siku tano, na keshokutwa yake wakwe walikuwa wanakuja kumtolea mahari Mélissa, binti yake wa pekee. Hospitali kuna foleni. Jirani akamwambia kwamba kwa Fortunat unaingia na jino unatoka bila jino, hata chai yako haijapoa. Hapo jirani hakudanganya. Fortunat hakumuuliza kama ana ugonjwa wowote, naye Nsimire ana kisukari. Hakumwambia kwamba kipande cha mzizi kimekatikia ndani. Alimpa pamba aibane, akamwambia, “C'est bon, mama, itapona yenyewe,” akaita mwingine.

Jumamosi ikafika. Mchumba, Bonfils, ni Mrundi, na kwao shughuli kama hiyo haikamiliki mpaka watu wa pande mbili wanywe impeke, pombe ya mtama, katika chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Shangazi yake Bonfils alimtia Nsimire mrija mkononi yeye mwenyewe. Wewe ungefanya nini? Kuukataa ni kuwakataa wakwe mbele ya ukoo mzima. Nsimire akainama akavuta, akapumzika, akavuta tena, watu wakapiga makofi. Kulikuwa na ladha ya damu katika ile pombe, naye akaimeza kwa heshima.

Jumapili maumivu yalipanda hadi sikioni. Kufikia Jumatano shavu limevimba, homa imewaka, kinywa kinanuka na hakifunguki hata kwa kijiko. Wakamlaza hospitali. Arusi ilikuwa Jumamosi ya wiki ileile, na jamaa za Bonfils walikwisha kuteremka kutoka Gitega. Kwa kuwa hakuweza kusema, Nsimire aliandika kwenye karatasi: “Musiahirishe.” Nguo ya bibi arusi aliishona yeye, shanga moja moja, kwa miezi miwili. Siku ilipovaliwa, yeye alikuwa amelala chini ya chupa ya dawa, akilia kwa jicho moja kwa sababu la pili lilizibwa na uvimbe.

Aliyemfumbua macho ni Irène, daktari wa meno wa pale hospitali, aliyemtoa kile kipande.

“Huyo mutu alikuuliza kama uko na sukari?”

“Apana.”

“Alikuambia usivute kitu na mrija?”

“Hakuniambia hata kwa heri.”

Irène akamweleza. Jino likitoka, damu inaganda ndani ya tundu, na hilo donge la damu ndilo kifuniko; kidonda kinapona chini yake. Ukivuta mrija, ukisukutua kwa nguvu, ukitematema, ukivuta sigara, unaling'oa, na mfupa unabaki uchi. Kwa Nsimire mambo mawili yalikutana: kifuniko kimetoka, na mzizi umebaki ndani ya mwili wenye sukari. Nsimire akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena. Irène alifurahi kupata mgonjwa anayejali afya yake. Masikini, hakujua kwamba mwenzake ananoa panga.

Mchungaji wake alimsihi amwachie Mungu. Nsimire akajibu kwamba Mungu ana kazi nyingi, hii ndogo ataimaliza yeye. Na tafadhali usimtajie ile ya jino kwa jino. Amekwisha kuisikia kwa kila mtu, na haimchekeshi.

Basi akawa anashona na kuvizia. Mtu akitokea tu ameshika shavu, mguu wa Nsimire unaacha kukanyaga cherehani.

“Papa, kuja hapa kwanza. Umekula? Usiendake kuchomwa sindano ya ganzi na njaa, utaanguka. Uko na presha? Sukari? Kuna dawa unakunywaka ya kufanya damu iwe mwepesi? Umwambie mbele hajashika koleo. Asipokuuliza, simama utoke.”

Wengine walimwona mwendawazimu. Lakini mtu mwenye jino bovu hana ubavu wa kubishana, na wengi walisikiliza. Aliwafundisha kudai picha ya jino kabla ya kung'olewa, na wakishang'olewa waombe kuonyeshwa jino lenyewe, mizizi yote. Waking'ata pamba wasiitoe kuitazama kila dakika. Nusu saa nzima, kimya. Siku ya kwanza wasisukutue kabisa. Kesho yake maji ya uvuguvugu yenye chumvi, taratibu, na uji usio wa moto. Pombe waisahau. Mrija je? Hapo sauti yake ilipanda mpaka wapita njia wakageuka. “Wiki nzima! Hata kama mukwe anakupatia, hata kama anapiga magoti, kataa!” Uvimbe kidogo siku mbili tatu ni kawaida, aliwaambia, lakini maumivu yakizidi badala ya kupungua, au homa ikaja, wakimbilie hospitali.

Wengi waliishia kwenda hospitali moja kwa moja. Nsimire aliwahesabu kama kuku waliomponyoka mwewe. Siku ambayo hakuna aliyeingia kwa Fortunat alimnunulia Khadidja soda, na alilala vizuri. Naam, alifurahi, na hakumficha mtu furaha yake.

Wiki ya saba msichana mmoja akapita asimsikilize, akaingia. Alipotoka, Nsimire akamwita amwonye. Msichana akajibu kwa kinywa kilichojaa pamba:

“Docteur ameniambia yote. Nusu saa pamba, kesho maji ya chumvi, mrija apana, wiki nzima.”

Maneno yake mwenyewe, neno kwa neno! Nsimire akainuka na mkasi mkononi.

“Mama Mélissa, acha mukasi!” Khadidja akapiga kelele.

Akautupa mezani, akavuka barabara. Fortunat alikuwa anaosha mikono kwenye beseni.

“Mwizi! Hayo maneno umeyatoa wapi?”

“Kwako, mama. Kwa dirisha.”

“Na siku yangu uliyaficha kwa nini?”

“Sikuficha. Sikuyajua.” Akafuta mikono polepole. “Mi nilimushikiaka yaya yangu, kaka yangu mukubwa, tochi, yeye anang'oa. Mutu akitoka, hatumuone tena. Tuliwazaka amepona.”

Miezi yote Nsimire alikuwa amemchukia mtu aliyejua akanyamaza. Kumbe hakukuwa na kitu cha kunyamazia. Hilo halikumpoza hata kidogo; lilimwongezea moto, maana sasa aliona amekaa pale wiki saba akimsomesha adui bure.

“Na muzizi?” akauliza. “Ukikatikia ndani, utauona na maneno yangu? Uko na machine ya picha?”

“Apana, mama. Unisamehe.”

Nsimire akavuta kiti cha wagonjwa, akamwamuru Fortunat akikalie yeye, akamwekea simu mbele ya macho. Ilikuwa video ya arusi ya Mélissa. Yeye mwenyewe alikuwa hajathubutu kuitazama hata mara moja. “Angalia,” alisema, na yeye akageukia ukuta.

Fortunat akaangalia. Kwa hofu au kwa adabu, alianza kusifu. Akaisifu nguo, akauliza nani alishona shanga zile. Akamsifu bibi arusi kwa kufanana na mamaye. Kwaya ikaimba, keki ikakatwa. Ikafika zamu ya Mélissa kumlisha mzazi wake keki, na ukumbi ukanyamaza. Bibi arusi alisimama na kipande mkononi, akiangalia huku na huku.

Fortunat akasogeza simu karibu na uso.

“Mama,” akasema, “na weye uko wapi? Sikuone.”

Nsimire, angali amegeukia ukuta, akashika shavu lake. Kwaya ikaanza tena ndani ya simu, na Fortunat akaitazama mpaka mwisho. Ilipokwisha, aliirudisha kwa mikono miwili, akatoka nje, na Khadidja, toka barazani, akamwona anapanda juu ya ndoo kukishusha kile kibao cha jino jekundu.