Wazee wa Ngazini

Juzi, kwenye korido ya hoteli hapa Al Sadd, Doha, ninapofanya usafi, mwenzangu alipuliza dawa ya kung'arisha mbao, ile yenye harufu ya limau. Nikasimama na ndoo mkononi kama mtu aliyeitwa. Ni harufu ya ngazi za Mister, Mwingereza ambaye mama alimpikia nilipokuwa na miaka tisa, tukikaa chumba cha uani.

Ukutani mwa ngazi zile walining'inia wazee wao pichani. Kila Alhamisi mama alinipa kitambaa nifute vioo. Baba yake Mister, Lodi mwenyewe kwa cheo cha Kiingereza, alipokuja kutembea alinipandisha ngazi moja moja: huyu gavana, huyu waziri, huyu shangazi aliyehamia chama cha wapinzani, wakamnunia mpaka anazikwa. Cheo kilirithiwa na mtoto wa kwanza, na Mister alikuwa wa pili. "Wa pili ndiye huletwa Doha kwenye gesi," baba alicheka. Niliwajua wote kwa majina. Mama akinitania, "Haya, mjukuu wa Lodi, kaoshe sufuria."

Asubuhi moja ikaja simu ya Uingereza: Lodi amefariki. Itaonekana natunga, lakini adhuhuri ile ile ikaja ya Pangani. Babu, baba yake mama, naye katutoka. Mister na familia walikuwa wanaruka jioni, na enzi zile mfanyakazi wa ndani hatoki nchini mpaka mwajiri atie saini.

"Mwambie sasa hivi," baba alihimiza. "Wakishaondoka nani atakusainia?"

"Nimwendee mtu aliyefiwa na baba yake nimwambie na mimi nimefiwa? Tushindane misiba?"

"Sema tu, mama Zuhura."

"Niache kwanza nilie, jamani."

Baba akatoka kwenda kuulizia tiketi. Mama akatandika mkeka jikoni, akajitanda kanga, akamwombea dua babu, akitaja jina lake, la baba yake na la babu yake. Hapo Madam, mke wa Mister, akaingia, macho mekundu. Kiingereza cha mama kilikuwa cha kuombea chumvi tu, kwa hiyo akaniuliza mimi: mama ana nini?

Nikamjibu, "Anamlilia Lodi."

Sikukusudia kudanganya, au ndivyo ninavyojiambia. Mimi mwenyewe nilikuwa namlilia Lodi tangu asubuhi. Yule wa Pangani sikuwahi kumwona, na kichwani mwangu aliyekufa siku ile alikuwa mmoja. Madam akavua viatu, akakaa mkekani, akamkumbatia mama. "Pole, pole," akasema, neno pekee la Kiswahili alilokuwa nalo. Mama akanitazama juu ya bega lake. Alielewa, nina hakika. Hakunisahihisha. Akawa anampigapiga mgongoni, kama anayebembeleza mtoto.

Baba aliporudi, gari lao lilikwishaelekea uwanja wa ndege. Matanga yakaanuliwa Pangani mama akiwa Doha, akipika kwenye nyumba isiyo na wa kula.

Niseme haki: waliporudi na kusikia, Mister alisaini papo hapo, na Madam alilia upya. Hawakuwa watu wabaya. Wangeambiwa siku ile wangesaini siku ile, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana simwoni wa kumlaumu ila mimi mwenye ulimi.

Mpaka leo nazipanda ngazi zile kichwani bila kukosea: gavana, waziri, shangazi wa kununiwa. Nilidhani wenye ukoo ni wale waliotundikwa. Majina yale matatu ya jikoni nimebaki nayo mawili, na mama, tangu apate kiharusi, mengi yamempotea. Alhamisi nikampigia Pangani, nikamuuliza babu wa babu aliitwa nani. Nyuma yake nikasikia kuku.

"Mbona waniuliza mimi, mwanangu?" akasema. "Si nilimtaja, na wewe ulikuwepo?"