Sombe Chini ya Matao ya Hospitali

Bibi alikuwa amelazwa katikati ya Sydney, nyonga imevunjika, wakati nesi alipopiga simu kwetu Mount Druitt, pembezoni mwa jiji, na kusema hali chakula. Asipokula hatakuwa na nguvu za kupasuliwa. Mama anatunza wazee, na kwa sababu ya korona kazini kwake walimkataza kukanyaga hospitali. Basi akapika ugali na sombe ya majani ya muhogo, akafunga sufuria kwa kitenge, akanitazama. Nyinyi ndugu mlio Kigoma mnajua: kwetu mgonjwa hulishwa na watu wake. Mimi kusema na nisiowajua kunanishinda hata kwa Kirundi, lakini hakukuwa na mwingine.

Asubuhi, penye ngazi za stesheni, polisi aliniuliza ninakokwenda. Kiingereza chote kikanikimbia. Nikainua sufuria, nikasema, "Hospitali." Akanusa, akanipisha.

Ndani ya treni kila mtu alikaa kona yake. Baada ya stesheni ya Blacktown nilianza kuwaza mabaya. Kama hali ya Bibi imezidi, nani ataniambia, na nitaelewa? Nilikumbatia sufuria isipoe.

Mjini mitaa ilikuwa mitupu. Hospitali ni ya mawe ya manjano. Mbele ina safu ya matao juu ya nguzo nyembamba, na nyuma ya nguzo baraza refu lililo wazi kwa barabara, hata mtu anayenyeshewa anaweza kujibanza hapo bila kubisha hodi. Juu ya kila tao kuna duara lenye kitoto kilichochongwa, kimeviringishwa nguo.

Mlinzi alitikisa kichwa. Wageni hapana, chakula cha nyumbani hapana. Nikabaki chini ya tao, kuingia siwezi, kurudi naogopa. Ndipo akatoka nesi mmoja Mkenya.

"Wewe ndiye mjukuu wa shosho wa sombe? Anaitaja mpaka mimi nimeanza kuiota."

"Ndiyo, dada."

"Hiyo sufuria haiingii. Lakini nifuate."

Tulipita nje hadi uani. Jengo lote limeuzunguka ua wa mraba, na ghorofani kuna veranda yenye matao kama ya chini, milango ya wodi ikifungukia huko. Nesi alisema wajenzi waliiga hospitali ya maskini ya Italia, ya miaka kama mia tano iliyopita.

"Dawa hawakuwa nazo nyingi," alisema. "Walimpa mgonjwa hewa, jua na kitu cha kutazama. Kaa hapo."

Nilikaa mpaka nikadhani amenisahau. Kisha kitanda kikasukumwa kwenye veranda.

"Nani huyo amejifunga mdomo kama mwizi?" sauti ya Bibi ikauliza.

Nikashusha barakoa.

"Umekonda! Mama yako anakupa nini?"

"Bibi, sombe wameizuia."

Mbele yake palikuwa na sinia ya hospitali, haijaguswa.

"Sasa mimi nitakula na nani?"

Sisi nyumbani tulidhani anataka sombe. Nikatazama madirisha, kila moja na uso wa mtu. Kula mbele ya watu naona haya hata kanisani. Nikanawa kwenye bomba la pale uani, nikafungua sufuria, nikainua tonge alione.

"Karibu, Bibi."

"Tonge gani hilo? Unadonoa kama kuku!"

Nikakata kubwa. Akachukua kijiko, akaonja supu yao, akakunja uso, akameza. Akachota tena. Tulikula hivyo, yeye juu, mimi chini, hadi nikakwangua sufuria.

Jioni, kwenye treni, nilimfikiria fundi yule wa Italia aliyeacha uwazi kati ya nguzo na nguzo. Angejenga ukuta, ningerudi na sufuria imejaa.

Mama alinipokea mlangoni, akafunua.

"Ameila yote?"

"Nimeila mimi."

Uso wake ukabadilika. Nikaharakisha: "Naye amekula ya kwao, Mama. Tumekula pamoja."

Akaichukua sufuria, akaenda kuiosha. Kesho yake alfajiri nilimkuta jikoni, kitenge cha kufungia kikiwa tayari, anasonga ugali tena, kwa sufuria ndogo, ya mtu mmoja.