Jina la Kupachikwa

Namshukuru Mungu hadi leo kwamba siku ile haikuishia vibaya, maana ilikuwa njiani kabisa kuharibika.

Baba mkubwa hakubali mgeni ale kwake kabla ya kutambulishwa. Lazima asimame, akohoe, aseme mgeni ni wa wapi, wa ukoo gani na wa dini gani. Wali ukipoa, upoe. Kwa hiyo rafiki yake wa kazini, fundi mitambo kutoka Sri Lanka aliye naye kule kwenye kiwanda cha chumvi Marereni, alipoomba kumleta mtawa mzee wa Kibudha aliyekuja kumtembelea, sisi wa nyumbani Ganda tulijua hotuba inakuja.

Mtawa hali kitu baada ya saa sita mchana. Shangazi zangu waliamka alfajiri kukuna nazi, wakinung'unika kuhusu dini za watu. Mimi nikapewa ukalimani, kwa kuwa mgeni alijua Kiingereza.

Chakula kilipotengwa, baba mkubwa akasimama. Alikuwa amesoma kwenye simu wiki nzima, na akishasoma jambo hana breki. Akatueleza kwamba Wabudha nao wana madhehebu, kama sisi na makanisa yetu. Kuna Mahayana, yaani Chombo Kikubwa, ya Wachina na Wajapani. Kuna Vajrayana ya Watibeti. "Na mgeni wetu huyu," akasema kwa fahari, "ni mtu wa Hinayana, Chombo Kidogo!"

Tukapiga makofi. Neno Hinayana halikuhitaji mkalimani. Fundi aliinamisha macho. Huyu ndiye aliyemkimbiza baba mkubwa hospitali alipoanguka kazini. Undugu wote ule niliuona ukifa mbele ya samaki wa nazi.

Mtawa akaniambia polepole kwamba jina hilo walipachikwa na wenzao waliojiona bora, na maana yake si udogo tu bali uduni. Wao hujiita Theravada, mafundisho ya wazee.

Nilitafuta namna ya kulainisha. Baba mkubwa ananijua.

"Usinipunguzie, mwanangu. Sema vile vile."

Nikasema. Baba mkubwa ni mtu aliyewahi kuacha sahani ya biriani arusini mjini kwa sababu mtu nyuma yake alisema, "Hebu msogezeeni yule Mnyika." Wanyika, watu wa porini: ndivyo wenye mji walivyowaita babu zetu, na hakuna aliyewauliza kama wamelipenda jina hilo. Nyumba ile hajaikanyaga tena.

"Lo! Nimemwita Mnyika," akasema. "Kwangu mwenyewe, mbele ya chakula." Akavua kofia, akainama mbele ya mtawa. "Mwambie anisamehe. Sikujua."

Mtawa akacheka kwa sauti, akamshika mabega kumwinua. Fundi naye akacheka. Mimi nilishusha pumzi, nikakaa.

Kisha mtawa akauliza jambo, nami nikatafsiri: je, ninyi wenyewe mwajiitaje?

Baba mkubwa akanitazama. "Ameuliza hivyo?"

"Ndiyo, baba."

Amekaribisha wageni maisha yake yote, wa bara na wa ng'ambo, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Machozi yakamlenga, hakuyaficha.

"Mwambie," akasema. "Mwambie sisi ni Agiryama."