Sanduku la Siri na Daftari Lake

Juzi nilikuwa katika ofisi ya shule moja ya sekondari huku Ngulyati. Msichana aliyevimba shavu aliingia na karatasi iliyokunjwa, akaliendea sanduku lililoandikwa: “Toa taarifa za bangi na ukatili kwa siri.”

Mwalimu akamzuia kwa kalamu. “Kwanza andika jina na kidato kwenye daftari.”

“Mwalimu, si mlisema ni siri?”

“Ni siri, lakini afisa elimu akija atataka kuona majina ya walioshiriki.”

Msichana akaisukumia karatasi ndani ya soksi. “Basi, sina kitu.” Akatoka.

Mwalimu akanigeukia, akahema. “Unaona, babu? Wanafunzi wetu hawashiriki.”

Ndugu msomaji, aliyempiga binti yule hana haja ya kumtisha ili anyamaze. Kazi hiyo anafanyiwa na shule.