Mji mzima unacheza mchi wa bibi yangu

Mwenye ukurasa, nifiche vizuri, maana hapa Lubumbashi wanaojua kazi yangu ni wachache, lakini wote wana mdomo. Nina miaka arobaini na sita, nina bibi mmoja, yaani mke, na ni mkubwa wa label ya muziki inayojitegemea. Kujitegemea maana yake hakuna anayetusaidia. Ofisi iko mtaa wa Hewa Bora, nyuma ya nyumba yangu, katika chumba kilichokuwa cha kuku. Mlangoni nimeandika "Direction Générale", ofisi kuu kwa Kifaransa. Kuku hawakuwa na kibao.

Sikusomea muziki. Nilijifunza kwa kufungua redio za watu na kushindwa kuzifunga. Lakini Mungu alinipa sikio, nikisikia sauti najua kama itabaki au itapita. Miaka kumi na moja nimerekodi wanakwaya na vijana wa mtaa, na hakuna wimbo wetu uliovuka hata barabara kubwa. Mpaka huu.

Miaka minne iliyopita tulizika binti yetu. Alikuwa na miaka mitatu. Malaria, siku mbili tu. Jina lake sitaliandika hapa, mtaelewa kwa nini. Mimi nililia nikamaliza, au nilidhani nimemaliza. Bibi yangu hakulia mbele ya watu. Yeye alianza kutwanga sombe kwa mkono. Siku hizi kila mtu anapeleka majani yake ya muhogo kwenye mashine ya sokoni, kazi ya dakika moja. Yeye alikataa mashine. Kila Jumamosi asubuhi anaweka kinu uani, anatwanga, na juu ya mchi anaimba maneno machache ya Kiluba, kama anayebembeleza. Mipigo minne, halafu anaita jina la mtoto. Halafu anaacha pigo moja la kimya, kama anayengoja kuitikiwa.

Nilikuwa namsikia kupitia dirisha la Direction Générale. Nisiwadanganye: sikusikia msiba. Nilisikia wimbo.

Nikaweka simu dirishani. Mipigo ya mchi nikaifanya ngoma. Sauti nikampa Nadine (si jina lake), binti wa kule mtaa wa Annexe ambaye alikuwa ameimba kwetu miaka mitatu bila kupata bahati. Akaniuliza, "Patron, hapa penye banaita jina, miye niite nani?"

Pale niliweka mabanga. Kwa mlio mbali: ni majina ya watu wakubwa, ambayo huku kwetu mwimbaji anayataja katikati ya wimbo ili wasifiwe. Wimbo bila mabanga ni kama harusi bila viti vya mbele. Kuna mfanyabiashara wa simenti aliyekuwa akituazima lori la kubebea spika. Nikampa nafasi ya kwanza. Ya pili nikampa bibi yangu: "Mama Direction, kipenzi ya patron!" Niliona namheshimu. Nilitaka kumshangaza.

Nilifaulu.

Wimbo ulitoka ukashika mji kabla sijajua la kufanya. Saluni, teksi, bar, kila mahali. Bibi yangu aliusikia mara ya kwanza mchana mmoja, kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, sahani ikiwa mkononi. Dada yake akapiga vigelegele kumjulisha mkubwa wake kwamba ndiye anayetajwa: "Yaya, njo weye banaita! Simama, ucheze! Shemeki, umutoshe bibi yako mucheze!"

Hakucheza. Aliweka sahani chini polepole, akasikiliza. Ukumbi mzima ulikuwa unakanyaga sakafu kwa mipigo ya kinu chake. Kisha akanisogelea, akasema huku anatabasamu, kwa sababu watu walikuwa wanatutazama:

"Papa, ile ni kinu yangu."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nataka..."

"Na jina ya mutoto iko wapi?"

Spika ikajibu kwa niaba yangu: ikamwita mtu wa simenti.

Akatikisa kichwa. "Bantu bote beko banamucheza," akasema. "Hakuna mwenye anamujua."

Ningependa kuwaambia kwamba alipiga kelele, au alirudi kwa ndugu zake. Hapana. Anapika, anasalimia wageni, ananipigia shati pasi. Jumamosi iliyofuata kinu kilibaki kimeinamishwa ukutani. Mchana tukala sombe. Nilipotia tonge mdomoni nikajua: laini mno, haina hata kipande cha jani. Ya mashine. Nikala nikamaliza, nikasema asante. Hii ni Jumamosi ya nane.

Sasa Nadine amealikwa kuimba Zambia. Wanataka wimbo huo, si mwingine. Amekwisha kushonesha nguo. Nilipomwambia nafikiri kuuondoa, alilia: "Na miye, patron? Miye nilikosa nini?" Hakukosa kitu. Mdogo wangu anasema turekodi upya, jina la mtoto lirudi mahali pake. Nikampelekea bibi yangu wazo hilo kama mtu aliyebeba dawa. Akaniuliza: "Wimbo ulishabapatia. Sasa unataka kubapatia na jina?"

Ndiyo maana sikuliandika hapa.

Nikiuondoa, namvunja binti wa watu, na mtaani hautaondoka, umekwisha kuingia katika simu zao. Nikiuacha, Jumamosi nyingine inakuja na sombe laini. Ninyi mlioishi na mtu aliyenyamaza, niambieni: nifanye nini ili bibi yangu arudi kwenye kinu chake?

Na wewe unayesoma hii ukiwa bar, hapa mjini kwetu, wimbo ukipita: pale wanapomwita mtu wa simenti, tafadhali simama kidogo, usicheze. Pigo moja tu.