Kreni Iliyochomelewa

Fundi aliponiuliza kama aichomelee kreni yetu ya kuchezea, nilipaswa kukataa. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa karakana yake hapa Kasese, nimeikumbatia kama kuku wa kupeleka sokoni, na njiani nati mbili zilikuwa zimeshadondoka kutoka juu ya bodaboda.

"Mzee, hii kitu nikipiga weldingi," alisema, "haifunguki mpaka Yesu arudi."

Nikacheka. Nikamwambia apige.

Ili uelewe nilichokubali, rafiki yangu, twende kwanza Bwera, kwa nyanya yangu, enzi mimi na mdogo wangu tukiwa wavulana wa kaptula. Baba alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja wa mgodi wa shaba. Mhandisi alipofunga virago kurudi kwao Ulaya, alimwachia baba sanduku la vipande vya chuma vyenye matundu, puli, magurudumu, na skrubu na nati ndogo kama punje za mtama. Kulikuwa pia na kitabu cha picha za kuelekeza, ila mchwa walikila kabla hatujafika mbali. Mengine tulijifunza kwa kubahatisha.

Tulijenga kreni yetu uani, kando ya mikeka ya kahawa. Bado naisikia harufu ya kahawa ile ikikauka, tamu na chachu kidogo, na mwiko wa nyanya ukigonga sufuria akisonga ugali wa muhogo. Nati ikidondokea kwenye kahawa tuliitafuta kwa vidole mpaka jua likazama. Safari moja mnunuzi alirudi na nati kiganjani.

"Mama, kahawa yako imeanza kuzaa chuma?"

"Na mizani yako imeanza kuzaa mawe," nyanya akamjibu.

Nyanya hakuwa na desturi ya kumuuliza mtu ana nini. Ukirudi umenuna, alikusogezea maharage ya kumenya, akakaa nawe, akasubiri. Mkono ukipata kazi, alisema, mdomo hupata njia. Sisi wawili maharage yetu yalikuwa vile vyuma. Mdogo wangu alikuwa mkimya kupita kiasi, lakini akishika spana, nami nimemshikia skrubu, alitoa yote: mwalimu aliyemchapa, hofu ya mto ukifurika, binti wa jirani. Kreni ikikamilika tuliinua nayo kopo la maji, tukashangilia, kisha tukaifungua yote ili kesho tuanze upya.

Ukubwani alihamia Butembo, akaoa na kuzeekea huko, akazoea kuniita Yaya, yaani kaka, kama watu wa huko. Kila Krismasi alivuka mpaka kuja kwangu. Siku hizo kreni ilibaki mezani mwaka mzima. Akifika tunaifungua na kuijenga tena, wazee wawili wenye miwani, naye akisema ya mwaka mzima. Lakini wajukuu walikuwa wakiichezea, nati zinalegea, zinapotea. Nilidhani nikiichomelea naiokoa.

Krismasi ile alifika amekonda. Alikula kidogo, akavuta kiti mezani.

"Yaya, turnevisi iko wapi?"

Badala ya kumpa bisibisi, nilimwonyesha kreni kwa fahari. Nilikuwa nimeipaka hata rangi. Akajaribu nati moja kwa kidole, kisha nyingine.

"Haitaanguka tena," nikamwambia.

"Ndiyo, Yaya. Iko muzuri."

Akaweka mikono magotini. Tukaongea bei ya kahawa. Nikamuuliza ana nini, akasema hakuna kitu. Nikauliza tena, akatazama dirishani. Asubuhi akaondoka, ingawa alikuwa amekuja na nguo za wiki nzima.

Kabla ya Pasaka binti yake alinipigia simu kwamba tumefiwa. Ugonjwa ulikuwa tumboni, na baba yake aliujua tangu kabla ya Krismasi.

"Alisema anakuja kukuambia wewe wa kwanza, baba mukubwa. Hakukuambia?"

Mpaka leo nalizungusha jambo hili kichwani bila kupata pa kulishika. Pengine hata kama skrubu zingefunguka asingesema. Pengine aliona nimefunga kitu kingine, nami sikukiona. Au alikuwa amechoka tu, na mimi ninavipa vyuma lawama isiyo yao. Sijui. Ninalolijua ni kwamba ndugu yangu alikuja kwangu kuniambia kuwa anakufa, akarudi hajaniambia, nami sikumuaga.